Perege Wanamjua Anayewalisha

Hakuna perege katika bwawa langu asiyeujua mwendo wangu. Nikikanyaga tu ukingo, wananijia mbio kama watoto wanaomwona mama katoka sokoni. Maneno hayo nimewaambia watu miaka mingi, kifua mbele. Ukweli ni kwamba walikuwa wakiijia ndoo. Siku moja nilikwenda mikono mitupu ili niwaringie wageni, nikaita mpaka koo likakauka, na aliyeitikia alikuwa chura.

Wiki iliyopita katika safu hii niliwaacha, wasomaji wangu, nikiwa chali kando ya bwawa, mguu umepinda kama mpini wa mwavuli, na shemeji yangu amesimama juu yangu ananiuliza kama nimeumia. Mtu yuko kwenye tope analia, unamuuliza kama ameumia. Akili za shemeji yangu hizo, mdogo wa marehemu mume wangu. Watu wanamwita Profesa kwa sababu aliwahi kuhudhuria semina ya ufugaji wa samaki, akala chakula cha mchana, akapewa kofia. Kofia hajaivua mpaka leo. Semina ilimtoka siku ile ile.

Kwa aliyechelewa kupanda, nimwambie tulipotokea. Marehemu aliacha nyumba, na nyuma ya nyumba bwawa la perege, katikati ya jiko langu na ukuta wa Profesa. Ukoo ukaamua nilitunze mimi, ila kwa sharti: anayewaweka samaki hai ndiye mwenye bwawa, na wakifa wote tena, kama walivyokufa mwaka ule wa kwanza, bwawa litakwenda kwa Profesa. Naye samaki hawataki hata kwenye sahani. Anataka lile shimo lifukiwe ajenge vyumba vya kupangisha.

Mimi bwawa ndilo linalonilisha. Likifukiwa nitabaki kumwomba mkamwana wangu chumvi, na bora nile bila chumvi.

Basi ugonjwa ukaingia mabwawa ya majirani. Muuza mbao wa pale juu aliamka akakuta samaki wake wameelea matumbo juu kama vijiko kwenye beseni. Bwana samaki, yule afisa wa serikali, akapita nyumba kwa nyumba kutugawia dawa ya unga ya kuwaongezea samaki kinga. Unaichanganya na chakula, pamoja na kitunguu saumu kilichotwangwa, unatia mafuta ya kupikia kidogo ili maji yasiioshe dawa kabla haijafika mdomoni, unaanika kivulini.

Nilimuuliza kwa nini tusisubiri kwanza waugue. Akanitazama kama ninayetaka kununua mwavuli baada ya mvua.

"Bibi, samaki mgonjwa hali," akasema. "Na asiyekula utamtibuje kwa chakula? Wape sasa hivi, wakiwa wazima wanaruka."

Nilikuwa nimeanza kuwapa, ndipo nikateleza. Na hapo ndipo Profesa aliposhikwa na huruma.

Alikuja mpaka kitandani kwangu, kofia kichwani, sauti ya mtu aliyefiwa. Akaniambia nitulie, nisisumbue mguu, nikae hapo hapo kitandani nichanganye chakula cha dawa, naye atanichukulia ndoo kila asubuhi akawalishe. Akaongeza kwamba damu ni nzito kuliko maji. Fisi akiomba kulinda bucha, ujue hakuja kufagia. Lakini mguu ukiuma, akili nayo huchechemea. Nikamkabidhi ndoo.

Ikawa kila asubuhi nakaa na ungo mapajani, natwanga, nachanganya, chumba kizima kinanuka kitunguu saumu. Profesa anakuja, anachukua ndoo, anazunguka nyuma. Baadaye nasikia kijiko kinagonga ndoo: ko, ko, ko. Ndivyo samaki wanavyoitwa. Mimi kitandani natabasamu, nasema huyu mjinga leo kafaa kitu. Kidirisha changu kinatazama barabara. Bwawa silioni, naambulia kusikia.

Asubuhi moja aliniletea yai la bata, zawadi ya mgonjwa. Profesa anafuga bata nyuma ya ukuta wake, na wakati huo walikuwa wamenenepa hata wakitembea wanajigonga wenyewe. Nikalichemsha, nikalila. Likanukia kitunguu saumu. Nikasema ni mikono yangu hiyo, nikalamba vidole, nikaomba kesho aniletee jingine.

Cheka. Mimi mwenyewe nimeshacheka.

Sasa nije kwa mkamwana. Mwanangu ni dereva wa lori, nyumbani huja kama mgeni, anakula, analala, anaondoka. Mkewe ndiye kaniachia mimi. Nimempa jina la Malkia, maana kutwa yuko dirishani kwake, dirisha linalotazama ua wa Profesa, anapaka kucha rangi. Akimaliza za mikono anahamia za miguu. Akimaliza za miguu, za mikono zimeshachakaa, anaanza upya.

Siku alipoingia nyumba hii alisema samaki wanamtia kinyaa. Nikamjibu kwamba vizuri sana, kwa sababu mkono laini kama ule ukigusa maji yangu samaki watakufa kwa kuona aibu. Nikampiga marufuku kukanyaga ukingo wa bwawa. Akaitikia, "Sawa, mama." Hilo ndilo neno analolijua. Ukimwambia nyumba inaungua atasema sawa, mama.

Nikiwa kitandani hapo nikaona mambo. Kopo la dawa linashuka haraka kuliko ninavyochota. Mafuta yanapungua. Gunia la chakula, ambalo liko stoo mkabala na mlango wangu, kila nikimtuma Malkia anichotee linazidi kulegea shingo. Na Malkia mwenyewe akiinama kunitilia maji, kitambaa chake cha kichwani kinanuka kitunguu saumu.

Nikamwita. Nikamuuliza kama ndiye anayeiba dawa ya samaki wangu.

Akatazama kucha zake kwanza. "Ndiyo, mama. Naipaka kwenye nywele. Wanasema inaotesha."

"Ingekuwa inaotesha, perege wangekuwa na nywele. Na mafuta?"

"Ya nywele hayo hayo."

"Na chakula? Nacho unakipaka kichwani?"

Akafikiri. Nilimwona kabisa akifikiri, na kwake ilikuwa kazi ya jasho. "Nasugulia visigino, mama. Kinalainisha."

Visigino. Dawa ya kuwakinga samaki na kifo, yeye anaiweka kichwani, na chakula chao anasugulia visigino. Nilimwambia mambo siku ile ambayo mhariri hataniruhusu kuyaandika. Nikamwambia akirudia namrudisha kwao na gunia lenyewe mgongoni. Akasema sawa, mama. Na kopo likaendelea kushuka.

Siku zikaenda. Ugonjwa ukashuka bonde lote. Mwenye mashine ya kusaga akapoteza samaki wake, fundi cherehani wa kona naye wakamwishia. Profesa akawa anakuja kwangu na habari hizo uso umekunjamana, lakini miguu inataka kucheza. Kila jioni alisimama ukingoni akiyatazama maji kama mrithi anavyomtazama mgonjwa anayechelewa.

Perege wangu hawakufa.

Si kwamba walipungua, hapana. Hata mmoja hakuelea. Na walikuwa wamenona. Profesa mwenyewe ndiye aliyeniambia, na alivyolitamka lile neno ungedhani anatema mbegu ya ndimu.

Nilidhani basi, kashindwa, atarudi kwa bata wake. Kumbe mjinga akikosa mlango huingia kwa dirisha. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi mkubwa.

Wifi mkubwa ni dada wa kwanza wa marehemu na Profesa, ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo ule. Maisha yake yote alisimamia bweni la shule ya wasichana, na mpaka leo kila binadamu kwake ni msichana aliyeruka ukuta. Akaja Jumamosi. Akakaa kwenye kiti pekee chenye mikono, akaweka mkoba mapajani, akatutaka tuseme ukweli kabla hata hajatuuliza chochote.

Profesa akavua kofia. Ndipo nikajua mambo ni mazito.

Akahutubia. Akasema mabwawa ya watu wote yamekwisha ila hili moja. Akauliza kwa nini. Akajijibu. Akasema kila asubuhi, mvua, baridi, yeye ndiye aliyesimama ukingoni akawalisha samaki chakula cha dawa, punje kwa punje, huku mwenye bwawa amelala. Akasema mkono wake ndio uliowaponya. Akasema shemeji yake anampenda sana, lakini ni mzee, ana mguu mmoja na nusu, na bwawa linataka mtu wa kusimama. Hakutaja vyumba vya kupangisha. Alitaja neno "upanuzi" mara nyingi mpaka likachoka.

Wifi mkubwa akanigeukia. "Wifi, ni kweli yeye ndiye aliyekuwa anawalisha?"

Ningesema nini? Ndoo alichukua. Kijiko nilikisikia. Nikasema ni kweli.

"Basi sharti la ukoo lilikuwa anayewaweka hai ndiye mwenye bwawa," akasema, na akaanza kufunga mkoba.

Mtu akikuona unazama halafu anafunga mkoba, unashika chochote kinachopita. Mimi nikashika majivuno yangu ya zamani. Nikasema kulisha siku chache si kuwa mlishaji. Nikasema samaki wanamjua wa kwao. Nikasema twende sote bwawani, kila mmoja agonge ndoo, na yule watakayemfuata ndiye apewe bwawa na maneno yaishe.

Nilisema hivyo nikijua fika kwamba perege huja kwa ndoo, si kwa mtu. Nilichopanga ni kuwahi kuishika ndoo mimi kwanza. Ndiyo, ni ujanja. Mliniona lini nikijiita malaika?

Profesa akacheka. Akasema semina iliwafundisha kwamba samaki hana kumbukumbu, ila kama shemeji anataka mchezo, yeye yuko tayari. Wifi mkubwa akapenda. Aliona kama gwaride la bwenini.

"Atakayefuatwa, bwawa lake," akasema. "Sitaki kusikia kilio wala rufaa."

Tukatoka. Mimi na fimbo yangu, Profesa na kofia yake, wifi na mkoba. Malkia alibaki dirishani. Nilipopita nilimwona ameacha kupaka kucha, mkono uko hewani na kiburashi chake, rangi inamdondokea gauni.

Tukafika penye bomba, mahali ambapo sikuzote nilisimama kuwalisha. Nikamnyang'anya Profesa ndoo. Nikagonga. Ko, ko, ko. Maji kimya. Nikagonga tena, nikaita kwa majina ya mapenzi ambayo marehemu mwenyewe hakuyapata. Nikasogea hatua, fimbo ikagota kwenye saruji, na kwenye maji nikaona mstari mmoja wa mawimbi madogo. Ulikuwa unakwenda upande wa pili.

Walinikimbia. Samaki niliowalea tangu wakiwa kama kope za macho.

Profesa akanipokea ndoo kwa adabu ya mtu anayepokea mahari. Akashika kijiko. Akagonga kama mpiga ngoma: ko, ko, ko.

Maji kimya.

Akasema wanashangaa wageni. Akagonga kwa nguvu zaidi. Akasema jua limekuwa kali. Akagonga tena mpaka kijiko kikapinda.

Ndipo tukasikia kishindo nyuma ya ukuta. Kwanza sauti moja, halafu nyingi, halafu mabawa. Kwenye tundu la chini ya ukuta likatokea bata mmoja, nyuma yake mwingine, nyuma yake ukoo mzima. Wanakimbia kwa yale matumbo yao, wanaangushana, macho yote kwenye ndoo. Wakampita wifi mkubwa kama si kitu. Wakamzunguka Profesa. Mmoja akamvuta suruali, mwingine akapanda juu ya kiatu chake akaingiza kichwa ndani ya ndoo, na hewa yote pale ikanuka kitunguu saumu.

Kuna raha ambayo ukiifungulia mdomo inapungua.

"Hawa bata," akasema wifi mkubwa taratibu, "wameitwa na nani?"

"Dada, bata wana kiu tu."

"Kiu ya ndoo isiyo na maji?"

Profesa akajaribu kumwondoa yule wa kiatuni. Bata akarudi. Akamsukuma kwa mguu, akarudi na mwenzake. Akasema labda siku moja moja alipomwagikiwa na punje njiani waliokota. Wifi akamwambia bata waliookota punje njiani hawawi na makalio kama yale, na avae kofia yake, kwa sababu hakuna tena cha kuhutubia.

Mimi nikakumbuka yale mayai niliyoyaomba. Kumbe nilikuwa najinywea dawa yangu mwenyewe kwa mkono wa mwizi, na nikashukuru.

Nikaanza kunyanyua kidevu. Profesa kaanguka, na mshindi wa pili hayupo, basi mambo yanarudi yalipokuwa. Lakini wifi mkubwa hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa anayaangalia maji.

"Kama dawa ilikwenda kwa bata," akasema, "hawa samaki walikula nini?"

Profesa akageuka kumfukuza bata wa kiatuni. Mimi, ninayejua kila kitu, nilifikiria labda wamekula nyasi, nikaona ni aibu kusema hivyo mbele ya bata.

Wifi akasema miguu inamuuma. Akapaza sauti aletewe kiti. Malkia akatoka na kiti chenye mikono, amekikumbatia kifuani, miguu mitupu, anatembea kama anayekanyaga mayai. Akataka kukiweka pale pale penye bomba.

"Hapa jua," wifi akasema. "Kakiweke kule kwenye kona, penye kivuli cha tangi la maji."

Ile kona iko upande wa pili wa bwawa. Ukuta wa Profesa unaishia kabla ya pale, na tangi linaificha. Ukisimama pale hakuna anayekuona, si wa nyumba ile wala wa hii.

Malkia hakusogea. "Shangazi, kule kuna utelezi. Afadhali hapa, nikushikie mwavuli."

"Nimesema kwenye kona."

"Shangazi, kule kuna siafu."

"Msichana."

Akaenda. Akapita kwenye ukingo ambao nilimpiga marufuku, na nikaona kitu ambacho macho yangu hayakukipenda. Hakuangalia anakokanyaga. Penye saruji iliyobomoka aliruka bila kutazama. Penye utelezi ulioniangusha mimi alikanyaga ubavuni, kama mtu aliyeshajua.

Kabla hajakitua kiti, maji yakaanza.

Kwanza mgongo mmoja. Halafu midomo. Halafu kona nzima ikachemka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Perege wakubwa kwa wadogo wakapandana, wengine wakajirusha nusu ya mwili nje ya maji, wote uso kwake. Ndoo hakuwa nayo. Alikuwa na kiti tu. Alipohama hatua moja kushoto, kundi zima likahama kushoto.



Wifi mkubwa akaenda mpaka pale, pole pole, kama anayekwenda kufunua blanketi la mwanafunzi asiye chini yake. Nikamfuata kwa fimbo. Nilikuwa nahesabu maneno yake ya sebuleni: atakayefuatwa, bwawa lake, kilio hakuna, rufaa hakuna. Maneno hayo nilimtafunia mimi mwenyewe, yeye akayameza tu.

"Mkwe wetu," akasema wifi. "Ni wewe uliyekuwa unawalisha hawa?"

Malkia akanitazama. Nami nikamtazama kwa jicho lile ambalo nimemtazama nalo tangu aingie nyumba hii, maana jingine sina. Sijui aliona nini. Najua alichokuwa anakifahamu, kwa sababu dirisha la sebule lilikuwa wazi na yeye masikio anayo: akisema ndiyo, bwawa linanitoka mimi, linakuwa lake.

"Hapana, shangazi," akasema.

"Hapana?"

"Mimi samaki nawaogopa. Wananitia kinyaa. Muulize mama. Sijawahi kufika kwenye kona hii."

Iliposikika tu ile sauti, maji yakaruka mpaka yakamlowesha gauni. Perege mmoja, mkubwa kama kiganja cha mwanaume, akajitupa juu ya saruji na kuangukia miguuni pake. Malkia akainama bila kufikiri, akamkamata kwa mikono miwili, kidole gumba nyuma ya shavu pale pasipochoma, akamrudisha majini taratibu, mkia kwanza usije ukapiga ukuta.

Akabaki ameinama hivyo, mikono ndani ya maji, na samaki wakimnyonya rangi ya kucha.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikaviona visigino. Vilikuwa vimepasuka kama ukuta wa zamani, na ndani ya kila ufa mlikuwa na tope jeusi la bwawa langu. Nikalikumbuka dirisha lake linalotazama ua wa Profesa na bata wake, nikajua kopo langu lilikuwa linashukia wapi.

Wifi mkubwa alikuwa anavitazama vile vile. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa, akakaa kwenye kiti.

"Haya, mwanangu," akasema. "Rudia kuhusu kinyaa. Ila sema kwa sauti, wenzako wa majini nao wasikie."